Kudunisha, Kudhalilisha na Kutweza: Maneno Matatu na Ardhi ya Machakos

Mhakiki wa Kiswahili akumbanapo na kitenzi cha Kiingereza degrade, aghalabu huwa na maneno mengi kuliko anayoyahitaji: kudunisha, kudhalilisha, kutweza, kushusha hadhi, kuvunjia heshima, kuumbua. Katika tasnifu za wanafunzi wetu maneno haya hubadilishana nafasi kana kwamba ni pacha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si pacha, na kwamba tofauti baina yao imewahi kuwa na uzito wa kisiasa. Mfano wetu hautoki katika riwaya bali katika historia ya Machakos.

Tuanze na maneno yenyewe. Kudunisha kumetokana na duni, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya kilicho chini au pungufu. Kinachodunishwa ni thamani, na thamani huweza kuwa ya kitu chochote: lugha, kazi, mazao, hata wazo. Kudhalilisha, kwa upande mwingine, kunamtaka mtendwa awe na nafsi, kwa kuwa dhalili ni yule aliyefanywa mnyonge na akautambua unyonge wake. Jiwe halidhalilishwi. Kutweza nako kunakaribiana na kudhalilisha, ila hubeba jicho la mtwezaji: ni kumtazama mtu kama asiye na uzito. Kwa hiyo katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), kutohesabiwa kwa jasho la Regina ni kudunishwa kwa kazi yake. Kipigo cha Zakaria ni kudhalilishwa kwake yeye mwenyewe. Mhakiki anayeandika neno moja kwa yote mawili amepoteza nusu ya hoja yake.

Kiingereza hakina mpaka huu. Degrade limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana ya ngazi, na hapo kale lilihusu mtu kuvuliwa cheo. Debase lilizoeleka sana kwa sarafu iliyochanganywa na madini hafifu. Demean lina kisa cha ajabu zaidi: awali lilimaanisha tu kujiendesha kwa namna fulani, kisha likavutwa na neno jingine lenye maana ya unyonge hadi likawa tusi. Muhimu kwetu ni kwamba degrade hutumika kwa binadamu na kwa udongo vilevile, pasipo msomaji kushtuka. Ardhi huwa degraded, na mkaaji wake pia.

Mnamo miaka ya 1930 hali ya udongo wa Ukambani iliandikiwa ripoti kadhaa. Iliyo mashuhuri ni ile ya mwaka 1937 ya Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, iliyoeleza mmomonyoko wa Machakos kwa lugha ya kutisha na kuwatwika wenyeji na mifugo yao sehemu kubwa ya lawama. Mmomonyoko ulikuwepo; hilo halina ubishi. Lakini katika maandishi ya namna hii sifa ya ardhi huhamia kwa watu kimyakimya: udongo uliochoka unakuwa ushahidi wa mkulima asiyejua kitu. Kwamba walowezi walikuwa wamepewa vilima vya Mua, na kwamba malisho ya Wakamba yalikuwa yamewekewa mipaka, kulikuwa na uzito mdogo katika hukumu hiyo.

Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei za chini, huku kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig huko Athi River kikihitaji mifugo ya bei nafuu. Mwezi Julai zaidi ya Wakamba elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka kwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Upunguzaji wa lazima ulisitishwa kabla mwaka haujaisha. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu. (Kwamba serikali ilimpeleka mtu huyu katika mji uliolea ushairi wa Kiswahili ni jambo ambalo wanahistoria wa fasihi hawajalitazama vya kutosha.)

Hapa mpaka tuliouchora unatikisika. Kwa ofisa, kushusha bei ya ng'ombe kulikuwa kudunisha bidhaa, basi. Kwa Mkamba, ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba ya mwaka wa njaa, ndiye jina la mtu mbele ya ukoo. Kumdunisha ng'ombe kulikuwa kumtweza mwenye ng'ombe. Yamkini ndiyo maana walioandamana hawakwenda kudai bei bora. Walidai mifugo yao. Msamiati wetu unatenganisha kitu na nafsi kwa haki, lakini haukatazi kitu kubeba nafsi ya mtu, na mfasiri anapaswa kusoma muktadha kabla ya kufungua kamusi.

Hadi leo nyaraka za mazingira hupenda kusema ardhi iliyoharibiwa. Umbo hilo la kutendwa humtafuta mtenda, na aliye karibu ni mkulima. Ardhi iliyochoka, usemi wa wakulima wenyewe, haumshtaki mtu. Tiffen, Mortimore na Gichuki walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wa wilaya ya Machakos ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi kama milioni 1.4 kufikia mwaka 1990, ilhali mmomonyoko ulipungua, kwa sababu mashamba yalikuwa yamekatwa matuta. Mengi ya matuta hayo ni ya aina ya fanya juu: mtaro unachimbwa kukingama mteremko na udongo unatupwa upande wa juu. Wataalamu wa udongo wanaoandika kwa Kiingereza huliacha neno hilo katika Kiswahili chake, pamoja na mwenzake, fanya chini.