Vioo vya Crown Hall na Vigae vya Mecca

Mwaka 1956, upande wa kusini wa mji wa Chicago, lilifunguliwa Crown Hall, jengo la skuli ya usanifu majengo ya Illinois Institute of Technology. Aliyelibuni ni Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani. Ni ukumbi mmoja wa futi 220 kwa 120, usio na nguzo hata moja ndani yake. Paa lake limening'inizwa kwenye boriti nne kubwa za chuma zipitazo juu, na kuta zake pande zote ni kioo. Kwa jengo la namna hii ngozi ndiyo mwili. Ngozi ikichakaa, hakuna kilichosalia kizima.

Nayo ilichakaa. Chuma kiliingia kutu, rangi ikabanduka, na vioo vilivyotiwa katika miaka ya 1970 havikuupokea mwanga kama vile vya asili. Ukarabati ulifanywa mwaka 2005. Kioo cha kwanza kilivunjwa na Dirk Lohan, mjukuu wa Mies, naye pia msanifu majengo, aliyeinunua fursa hiyo mnadani. Wajukuu wengi huvunja madirisha ya babu zao bila ya kulipa!

Rangi kuukuu, yenye madini ya risasi, iliondolewa mpaka chuma kikawa kitupu, kisha kikapakwa weusi upya. Uzito wa kazi ulikuwa katika fito nyembamba zinazoshika vioo. Mies alizipa kimo cha 5/8 ya inchi. Kanuni za siku hizi zilitaka kioo kinene zaidi, na kioo kinene kilihitaji kushikwa kwa 3/4 ya inchi. Tofauti ni thumuni ya inchi. Wasanifu wa Krueck & Sexton hawakuidharau. Walizichonga fito kwa mshazari, zikawa na 3/4 pale zinapokigusa kioo, na ukingo unaotazamwa na mpita njia ukabaki 5/8 ileile. Ni kazi aijuayo kila mfasiri wa mashairi aliyelazimika kuongeza neno na mizani isivunjike.

Lakini uaminifu huo ulikuwa kwa jengo moja tu. Papo hapo palisimama kwanza Mecca, jumba la fleti la mwaka 1892, lenye behewa mbili za ndani zilizoezekwa kwa kioo. Baadaye likawa maskani ya Wamarekani Weusi, wakajazana humo, na chuo kikalibomoa mwaka 1952 baada ya wapangaji kupinga kwa miaka. Mshairi Gwendolyn Brooks alipata kufanya kazi humo ujanani mwake, kwa mwuza hirizi. Mwaka 1950 alikuwa Mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1968 akatoa *In the Mecca*, ambamo mama anamtafuta mwanawe mdogo, Pepita, mlango kwa mlango, katika jumba ambalo lilikwisha kubomolewa miaka 16 nyuma. Mtoto anapatikana, maiti.

Ukarabati ule, kwa ustadi wake wote, haukuwa na la kumwambia mama huyo. Mwaka 2018, mafundi waliokuwa wakichimba nje ya Crown Hall waligota kwenye sakafu ya Mecca: vigae vya rangi, vingi bado vimeshikana.