Mamie Smith: sauti iliyofungua milango ya studio

Mamie Smith alikuwa mwimbaji, mcheza dansi na mwigizaji mweusi wa Marekani. Ndiye aliyezifanya kampuni za santuri zianze kuwatafuta waimbaji weusi wa bluzi.

Alizaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, akapanda jukwaani akiwa bado mtoto. Alikulia katika vodevili, yaani maonyesho yaliyochanganya nyimbo, dansi, vichekesho na sarakasi kwa kiingilio kimoja. Baadaye alihamia New York, akawa anaimba katika kumbi za Harlem.

Kwa nini mwaka 1920 unakumbukwa?

Wakati huo bluzi zilizokuwa kwenye santuri ziliimbwa na wazungu. Wakubwa wa kampuni waliamini kwamba watu weusi hawatanunua santuri. Mtunzi Perry Bradford alizunguka ofisi zao akipinga dhana hiyo, mpaka Fred Hager wa kampuni ya Okeh akakubali, ingawa alitishiwa kwamba bidhaa zake zingesusiwa.

Februari 1920 Mamie alirekodi nyimbo mbili. Agosti 10 akarekodi "Crazy Blues". Studio za siku hizo hazikuwa na maikrofoni. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora wimbo kwenye nta. Mamie alikuwa amezoea kuimba ukumbini hadi mtu wa kiti cha mwisho amsikie, na uzoefu huo ulimfaa.

Santuri hiyo iliuzwa kwa maelfu, na wanunuzi wengi walikuwa watu weusi. Kampuni zikabadili msimamo haraka. Kufikia 1923, Ma Rainey na Bessie Smith, ambaye hakuwa ndugu yake Mamie, nao walikuwa wamerekodi. Hata hivyo, kampuni ziliziweka santuri hizo katika orodha ya pekee, zikiuzwa kama muziki wa watu weusi.

Mamie alizunguka miji mingi na bendi yake, Jazz Hounds, na baadaye akaigiza katika filamu, mojawapo "Paradise in Harlem" ya mwaka 1939. Alifariki New York mwaka 1946, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe lenye jina. Mwaka 1994 "Crazy Blues" iliingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Grammy.

Ukiisikia redioni, utasikia mikwaruzo mingi. Iache ipite, usikilize jinsi sauti yake inavyopanda juu ya bendi nzima.