Sarafu za Fedha Zilizotobolewa za Karibea: Vile Utazijua na Vile Hutauziwa Feki

Hebu toa coin ya mbao mfukoni, uitoboe katikati, halafu uende nayo kwa duka ya mtaa. Mwenye duka atakuuliza kama uko sawa kichwani. Lakini kuna visiwa ambako serikali yenyewe ndiyo ilikuwa inatoboa doo, na leo hizo sarafu zilizoharibiwa zinauzwa ghali kuliko zile nzima. Kuna wasee huzisaka maisha yao yote.

Story inaanzia kwa dola ya Kihispania, ile ya reale 8. Ilikuwa ya madini ya fedha, gramu kama 27 hivi, na nyingi zilitengenezwa Mexico City, Lima na Potosí. Karne ya 18 ilikuwa inakubalika karibu dunia nzima. (Neno riale lenye watu wa Pwani waliitia dola ya Maria Theresa ni la ukoo huo huo wa Kihispania na Kireno.) Visiwa vya Karibea vilivyokuwa chini ya Uingereza, Ufaransa na Uholanzi viliitumia pia, kwa sababu za kwao zilikuwa hazitoshi.

Shida ilikuwa mbili. Kwanza, chenji. Dola moja ilikuwa pesa kubwa sana, huwezi nunua ndizi nayo. Wenye walikuwa wanahitaji chenji zaidi ni watu wa kawaida, na hapo usisahau: wengi wa wakaaji wa visiwa hivyo walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa kwa mashamba ya miwa. Jamaica na kwingine, Jumapili walikuwa wanauza sokoni mboga na matunda ya vishamba vyao. Basi dola zikakatwa vipande kama keki, nusu, robo, mpaka moja ya nane. Kile kipande kidogo chenye kimechakaa unaona kwa mnada leo, huenda kilipita kwa mikono ya mama fulani sokoni ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Pili, pesa zilikuwa zinahepa. Meli ikija na bidhaa, inaondoka na fedha. Dawa yao ilikuwa simple: piga sarafu chapa ya pili ama uitoboe, halafu uipe thamani ya juu kuliko madini yake. Mfanyabiashara akiibeba nje atapata hasara, kwa hivyo inabaki. Guadeloupe, ikiwa imekaliwa na Waingereza mwaka 1811, walitoa kipande cha mraba katikati: pete ikawa livre 9, na kile kipande cha ndani sou 20. Trinidad mwaka huo huo tundu lao lilikuwa la pembe nane. Hiyo idea ilifika mpaka Australia 1813, ambako dola ya shilingi 5 ilitoka pete ya shilingi 5 na kipande cha shilingi 1 na peni 3. Serikali ilijua hesabu!

Jamaica hawakutoboa. Sheria yao ya 1758 ilipiga herufi GR, za Mfalme George, pande zote mbili, na dola ikawa shilingi 6 na peni 8. Kwingine chapa ni herufi za kisiwa: SV ni St. Vincent, TB ni Tobago, SK ni St. Kitts. St. Lucia waliandika "S:Lucie". Tortola waliandika jina lote, na kuna vipande vimeandikwa TIRTILA, na wakusanyaji wanavipenda hivyo hivyo. Chunga G: ikiwa na taji ni ya Guadeloupe, lakini Grenada pia walitumia G.

Sasa tuongee kuhusu kuchomwa, maana hapa ndipo watu hulia. Dola ya kawaida isiyo na chapa inapatikana kwa urahisi. Yenye chapa bei inaruka juu. Kwa hivyo mjanja ananunua sarafu original iliyochakaa, anaipiga chapa kwa karakana yake, anakuuzia kama ya kisiwa. Fedha ni ya ukweli, umri ni wa ukweli, uongo ni ile chapa tu. Sonara hatakusaidia hapo.

Silaha yako ya kwanza ni tarehe. Sarafu haiwezi kuwa changa kuliko chapa yake. Ukiona ya Guadeloupe ya 1811 kwa dola ya 1815, funga hiyo page. Jamaica ni rahisi hata zaidi: dola zenye sura ya mfalme zilianza 1772, kwa hivyo GR ya 1758 ikiwa juu ya sura ya mfalme, hiyo ni feki bila mjadala. Inafaa iwe kwa zile za zamani zaidi, kama zenye nguzo mbili.

Kisha angalia upande wa nyuma. Chapa ikipigwa kwa nyundo upande mmoja, upande wa pili hubonyea bapa kidogo mahali hapo. Na uchakavu ukubaliane: kama chapa ilizunguka sokoni miaka kadhaa, kingo zake haziwezi kuwa kali kama za jana. Tundu pia, angalia ukuta wake wa ndani kama unang'aa upya.

Kwa zile feki kabisa za shaba, tumia maji. Pima sarafu kavu, kisha uipime ikining'inia kwa uzi ndani ya maji, ugawe uzito wa kwanza kwa tofauti. Fedha ya dola hizi hutoa kama 10.3. Ukipata chini ya 9, umeuziwa shaba. Sumaku ikiivuta, usisumbuke hata kupima.

Kitabu cha F. Pridmore cha 1965 kuhusu West Indies ndicho wauzaji wengi hutaja namba zake. Muulize muuzaji namba hiyo na sarafu ilitoka mkusanyiko gani. Akianza kuzunguka, jitoe.

Anza na dola nzima isiyo na chapa ili mkono uzoee uzito na mlio. Na tafadhali usiisugue na dawa ya meno. Ule weusi ndio bei.