Kutunza mitambo ya kunyunyizia bustani wakati wa masika

MVUA za masika zinapokaribia mwishoni mwa Machi, mwenye bustani mtaani Frere Town, Mombasa, hupumzika kazi ya kunyunyizia nyasi maji. Hata hivyo, kuzima pampu pekee hakutoshi. Mtambo unaoachwa na maji ndani yake hadi mvua zipungue mwezi wa Juni huharibika, na waweza kuchafua hata maji ya kunywa.

Katika nchi za baridi kali, adui wa mitambo hii ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua mabomba, ndiposa wenyeji huyatoa yote kwa kuyapuliza kwa hewa ya kompresa kabla ya majira ya baridi. Frere Town, mtaa ulioanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875 ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa, haijui barafu. Adui zake ni chumvi, matope na mbu.

Ardhi ya ukanda huu ni ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima huwa na chokaa, na karibu na bahari huwa na chumvi. Yakikauka ndani ya vinyunyizio huacha ugaga unaoziba matundu. Kwa hivyo, fungua ncha za mabomba na uendeshe pampu hadi maji yatoke safi. Vinyunyizio vilowekwe kwenye siki usiku kucha, kisha visuguliwe. Osha chujio, ukate umeme wa pampu, umwage maji yaliyobaki ndani yake na kuihifadhi mahali pakavu palipoinuka. Ncha za mabomba zizibwe ili matope na wadudu wasiingie.

Jambo lililo muhimu zaidi ni kutenganisha bustani na maji ya nyumbani. Mvua kubwa huweza kufurisha vyoo vya shimo na kutapakaza uchafu uani. Maji ya mfereji yanapokatika, bomba huweza kufyonza maji machafu kupitia mpira ulioachwa kwenye nyasi, na kuyaingiza katika maji ya kunywa pamoja na viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Ondoa mpira huo, na uweke vali inayozuia maji kurudi nyuma.

Aidha, tangi, ndoo na visanduku vya vali vifunikwe au vimwagwe kila wiki. Mbu aenezaye kidingapopo, maradhi yaliyozuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2017, hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na kizazi kipya huweza kuruka baada ya siku 7 hadi 14.

Tangi safi lenye mfuniko laweza kuunganishwa na milizamu ya paa. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yatakayofuata hayana chokaa wala chumvi ya kisimani, na yatafaa kunyunyizia nyasi mvua zitakapokatika.