Sotoka: Maradhi Yaliyotoka Zizini

Wafugaji wengi husadiki kwamba maradhi ya mifugo hutoka mwituni. Yako ya namna hiyo. Lakini habari za sotoka zatufundisha kwamba pengine ng'ombe ndiye apelekaye balaa, na mnyama wa porini ndiye aipokeaye.

Sotoka iliingia pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika yapata mwaka 1887, kwa ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo. Haikukawia kufika Umasaini, na mwaka 1896 ilikuwa imekwisha fika Afrika ya Kusini. Ng'ombe walikufa, na wenyewe wakafa kwa njaa. Kwa kuwa mnyama mgonjwa huambukiza kwa pumzi, mate na kinyesi, maradhi yaliwafikia wanyama wa porini kwenye malisho na maji. Nyati, pofu na tandala wakaanguka kwa wingi.

Hata baada ya miaka hamsini, ndama wa nyumbu wa Serengeti walikuwa wakifa kwa sotoka. Watu wakadhani kwamba wanyama hao ndio ghala ya ugonjwa. Basi ng'ombe wa kandokando ya Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa; hata hivyo, kufika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imewatoka. Idadi yao, iliyokuwa kama 250,000 mwaka 1961, ilipita 1,000,000 kabla ya mwaka 1980. Ikadhihirika kwamba ghala lilikuwa zizini.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora zaidi. Kwa chanjo hiyo sotoka ilifukuzwa nchi baada ya nchi, hata mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani.

Lakini yuko ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ingali hai. Mwaka 2017 iliwaua maelfu ya swala waitwao saiga huko Mongolia, na mbegu yake ilitoka kwa mifugo. Sisi wa Galu na Kwale nzima tuna jirani katika vilima vya Shimba: palahala, ambao Kenya hawapatikani penginepo. Mbuzi au kondoo aliyenunuliwa mnadani yafaa achanjwe, na atengwe majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wenzake. Palahala hana bwana wa kumchanja. Kinga yake imo mikononi mwa mwenye zizi.