China: mageuzi yalianzia juu au chini?

Peipa ya historia ya uchumi inakaribia na watu wanakariri tu "Deng Xiaoping, 1978". Sawa, ila msiruke kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui.

Enzi zile shamba lilikuwa la komuni. Unalima kutwa unaandikiwa pointi, mvivu na mchapakazi wanakula karibu sawa. Njaa ya 1959-1961 ilishaua wengi pale. Basi mwishoni mwa 1978 wakulima 18 wakagawana mashamba kwa siri, kila kaya na lake, wakaweka alama za vidole kwenye karatasi. Sharti moja linatisha: viongozi wetu wakifungwa au wakinyongwa, tuliobaki tutalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Jamani!

1979 mavuno yakapanda sana. Wan Li, mkubwa wa chama mkoani, akawakingia kifua, na kufikia 1984 komuni karibu zote zilishavunjwa. Lakini ardhi haikuwa mali ya mtu. Mpaka leo ni ya kijiji, kaya ina haki ya kulima tu.

Kwa mtazamo wangu, wakulima walianza, Beijing ikabariki. Mnasemaje?