Richard II (tamthilia)

Richard II ni tanzia ya kihistoria ya William Shakespeare, iliyoandikwa karibu mwaka 1595. Inahusu mfalme wa Uingereza aliyetawazwa mwaka 1377 akiwa na umri wa miaka 10, akaja kung'olewa na binamu yake, Henry Bolingbroke, mwaka 1399. Mwaka uliofuata Richard alifia kifungoni katika ngome ya Pontefract. Tamthilia yote ni ya kishairi. Hata mtunza bustani husema kwa mizani.

Sehemu inayopima kila kundi la waigizaji ni ile ya Richard kuvuliwa ufalme mbele ya bunge. Anashika taji upande mmoja na kumwita Bolingbroke ashike upande wa pili. Mwongozaji lazima aamue nani avute, nani alegeze, na mikono hiyo miwili ikae pale kwa muda gani. Akiharakisha, kinachobaki ni makabidhiano ya ofisi tu. Kisha Richard anaagiza kioo, anajitazama uso, anakipiga chini kikavunjika. Mwigizaji aliyelia tangu mwanzo wa mchezo huwa hana tena cha kutoa hapa.

Wakati wa Malkia Elizabeth I maneno ya sehemu hiyo ya kuvuliwa ufalme yalikuwa ya hatari. Hayamo katika matoleo ya 1597 na 1598. Yalichapwa mwaka 1608, malkia akiwa amekwisha kufa. Tarehe 7 Februari 1601, wafuasi wa mkabaila wa Essex walilipa kundi la Shakespeare shilingi 40 juu ya malipo ya kawaida ili liigize, katika ukumbi wa Globe jijini London, mchezo wa kung'olewa kwa Richard, ambao wataalamu wengi wanaamini ndio huu. Waigizaji walisita, wakisema mchezo umechakaa na hautapata watazamaji. Kesho yake Essex alimwasi malkia, akashindwa, na mwezi haukuisha kabla hajakatwa kichwa. Waigizaji walihojiwa, lakini hawakuadhibiwa.

Mwaka 1857 Charles Kean aliongeza msafara mkubwa wa Bolingbroke akiingia London, jambo ambalo Shakespeare alilisimulia kwa maneno tu. Ilikuwa fahari ya macho, lakini tanzia hii haikuihitaji. Uamuzi wa John Barton mwaka 1973 ulizama ndani zaidi: Ian Richardson na Richard Pasco walibadilishana nafasi za Richard na Bolingbroke, leo huyu mfalme, kesho yule. Kwa njia hiyo mtazamaji aliona jinsi anayenyang'anya na anayenyang'anywa wanavyokaribiana. Mwaka 1995 Fiona Shaw, mwanamke, alimwigiza Richard chini ya uongozaji wa Deborah Warner.

Mwaka 2012 kundi la Ashtar kutoka Palestina lilipeleka tamthilia hii kwa Kiarabu katika tamasha la Globe. Katika tamasha hilohilo, wasanii wa Kenya walicheza hapo kwa Kiswahili komedia ya Shakespeare ya wanawake wa Windsor.